Maneno Yaliyokosa Maandishi

Jana, Ijumaa Kuu, niliitazama tena The Passion of the Christ, filamu ya mateso ya Yesu. Mama haiwezi. Kila ikifika kwenye mijeledi anainuka, anasema kuna kitu amekisahau jikoni, na huko jikoni hakuna kitu. Mimi hubaki.

Safari hii nilikaa na rimoti mkononi, maana rafiki aliniambia nisikilize badala ya kusoma. Filamu nzima ni Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, kwa hiyo wengi wetu tunategemea maandishi yanayopita chini ya picha. Tukafika kwa Pilato. Pale karibu na kunawa mikono kuna maneno yanatamkwa, na chini hakuna hata herufi. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Sauti ipo, chini patupu.

Ni jibu la umati kwa Pilato, Mathayo 27:25: “Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu.” Kabla filamu haijatoka Februari 2004, viongozi wa Kiyahudi na baadhi ya wasomi Wakatoliki waliilalamikia, na mstari huo ndio uliowachoma zaidi. Mel Gibson, mwongozaji wake, akaondoa maandishi, sauti akaiacha.

Hilo limenikaa kooni. Kama maneno yana sumu, si angeyatoa yote? Na kama ni Maandiko tu, kwa nini ayafiche? Kwa karne nyingi Ulaya, mstari huo ulitumiwa kuwaita Wayahudi wote wauaji wa Kristo, na Juma Kuu likawa juma la kujifungia ndani kwa hofu. Kanisa Katoliki lilikuja kusema waziwazi mwaka 1965, katika tamko lake la Nostra Aetate, kwamba mateso yale hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo.

Cha ajabu ni mambo yanayotupandisha hasira sisi Wakristo. Mwaka 1988, filamu ya Martin Scorsese ilimwonyesha Yesu msalabani akijaribiwa kwa njozi ya kuoa na kuzeeka. Njozi anayoikataa mwishoni, jamani! Wenye msimamo mkali wakachoma ukumbi wa sinema wa Saint-Michel, Paris, watu wakaumia. Hii ya Gibson makanisa yalinunua tiketi kwa mafungu.

Siichukii, lakini. Mijeledi naona imezidi: Mathayo anaimaliza kwa maneno matatu, “kumpiga Yesu mijeledi”, Gibson anaikalia mpaka ngozi inachanika. Ila baada ya hapo Maria anapiga magoti na vitambaa vyeupe, anafuta damu sakafuni, taratibu, jiwe kwa jiwe. Hakuna Injili yenye tukio hilo. Limetoka kwenye njozi za mtawa Mjerumani, Anne Catherine Emmerich. Ndilo ninalolisubiri kila mwaka. Mama angelipenda, basi tu huwa hajarudi.

Jana aliporudi alinikuta narudisha nyuma kwa mara ya nne au ya tano.

“Unatafuta nini, mwanangu?”

Nikamweleza, nikamsomea mstari wenyewe. Akanyamaza kidogo.

“Si ndiyo yale tuliyosema Dominika ya Matawi?”

Ndiyo yenyewe. Mwaka huu ilisomwa Injili ya Mateso ya Mathayo, na sehemu ya umati husemwa na waumini. Niliisema nimesimama, karatasi mkononi, kwa sauti kubwa kuliko jirani yangu.