Siku moja ya mtafuta uyoga, msitu wa Sikonge

Saa 11 alfajiri niko juu ya bodaboda kutoka Tabora mjini, kikapu mapajani. Saa 1 naingia msituni. Kila ninayepishana naye huuliza, "Dada, mboga umepata?" Mboga siyo kazi yangu. Kazi yangu ni kuutambua uyoga wa miombo na kuuwekea kumbukumbu.

Saa 3, chini ya mti mkubwa wa mtundu, nikapiga magoti. Kofia ya rangi ya maziwa, pana kama kifuniko cha soda. Nikachungulia chini yake kwa kioo: hakuna mikunjo kama kurasa za kitabu. Vimeno! Laini, vimebanana, kila kimoja kifupi kuliko punje ya mchele. Huu ni msimu wangu wa nne, na ni mara ya pili kuuona.

Meno peke yake hayatoshi kuupa jina. Kundi la uyoga liitwalo Hydnum lina meno, nalo ni ndugu wa ule uyoga wa njano unaouzwa barabarani. Hydnellum pia ina meno, lakini ni ukoo mwingine kabisa. Nikachukua mmoja, nikaiacha mingine miwili.

Ndipo akaja mzee na vijana wawili wenye mashoka.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, binti. Tupishe, mti huu ni kuni za bani la kukaushia tumbaku."

Nikamwambia uyoga huu unaishi kwa mizizi ya mti huu: unaupa maji na madini, unapewa chakula. Akasema uyoga haulipi karo. Nikasema ukichumwa unarudi, mti ukikatwa unakufa njaa. Akasema tumbaku haikauki kwa maneno, na vijana wake wanalipwa kwa siku. Hapo sikuwa na jibu, maana ana haki ya kula. Sina karatasi ya kumzuia, wala hela ya kununua mti. Tulibishana mpaka jua likawa utosini. Nikafukua kidogo, nikamwonyesha ncha za mizizi zilizovikwa nyuzi nyeupe. Akazishika. Nikamwambia ule wa njano nao unategemea mizizi ya namna hii.

Akanyamaza. "Mke wangu huuchuma hapa hapa," akasema. Akawaita vijana wakatafute mti uliokwisha kufa. "Msimu huu tu, binti. Wa mwakani sikuahidi."

Kurudi, pancha, halafu mvua. Nimefika nyumbani giza limeingia, umeme hakuna, na uyoga usipokaushwa usiku huohuo huoza, siku nzima inapotea. Nikaukata vipande, nikautandaza kwenye wavu juu ya jiko, mbali na makaa ili usiive. Kofia nusu nikailaza juu ya karatasi nyeusi, meno chini, nikaifunika kwa glasi.

Mgongo unauma, nageuza vipande, nasinzia, nageuza tena. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoinua ile glasi. Unga mweupe, ndizo mbegu za uyoga. Wa Hydnellum huwa wa kahawia, kwa hiyo jina hilo nimeliondoa. Nikaandika kwenye bahasha: chini ya mtundu, unga mweupe, mti bado umesimama.