Nilivyomnasa mla bando wa nyumbani kwangu

Tarehe 20, GB 150 za bando la mwezi zimekwisha. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Hapa kwangu Majengo, Moshi, mshtakiwa alikuwa mmoja tu: mpwa wangu, maana ndiye anayecheza gemu hadi usiku wa manane. "Anko, gemu haili bando kiasi hicho," alijitetea. Nani angemsikiliza?

Nilikuwa na Raspberry Pi 4 imekaa tu kabatini, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki. Nikaichomeka kwa waya kwenye ruta yetu ya 4G, nikawasha tcpdump, programu ya kunasa data zinazopita mtandaoni, nikakaa na chai kusubiri ushahidi. Nikaambulia mazungumzo ya Pi yenyewe na ruta, pamoja na vifaa vikiulizana nani mwenye anwani fulani. Basi. Jumamosi nzima ilikwisha ndipo nikaelewa kwamba ruta humpelekea pakiti, yaani vipande vya data, mwenyewe tu. Aliye tundu la pembeni hazimpitii. Anayehesabu magari hukaa darajani, hakai uani kwake.

Ikabidi Pi ikae katikati. Ina tundu moja la waya wa mtandao. La pili nikalipata kwa adapta ya USB. Upande mmoja ruta ya 4G, upande wa pili ruta kuukuu ya kurusha waifai tu. Waifai ya ile ya 4G nikaizima, asije mtu akapita njia ya panya. Hiyo kuukuu ilinitesa kidogo: nilichomeka waya kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti), vifaa vyote vya nyumba vikaonekana kama kimoja. Nikahamia tundu la LAN (la vifaa vya ndani), nikazima kazi yake ya kugawa anwani, nikaweka kwenye Pi ntopng, programu ya kuonyesha nani anatumia data kiasi gani. Sasa kila kifaa kikawa na hesabu yake.

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo sasa unasoma meseji zangu?" Hapana. WhatsApp hufunga ujumbe toka simu hadi simu, na tovuti nyingi siku hizi ni HTTPS, yaani yaliyomo nayo yamefungwa. Naona kifaa kipi kinaongea na anwani ipi, na kwa kiasi gani. Hakuridhika sana.

Siku mbili zilitosha. Gemu za mpwa zilikuwa chini kabisa. Juu ya orodha ilikaa kamera ya uani, niliyoinunua mwenyewe baada ya kuibiwa mikungu ya ndizi. Ilirusha video kwenye seva usiku na mchana, nusu megabiti kwa sekunde. Kidogo, eti? Zidisha kwa sekunde 86,400: GB 5.4 kila siku. Mimi nilikuwa nawaza vinavyoshushwa tu, kumbe bando hukatwa na vinavyopandishwa pia.

Nikaitilia kamera memori kadi irekodi hapo hapo, itume video pale tu kitu kikisogea. Usiku wa kwanza simu haikunyamaza: upepo ukitikisa migomba, kamera imeona mwizi. Nikachora upya eneo la kuangalia, likabaki geti peke yake.

Kero iliyobaki ni umeme. Pi ikizima, nyumba nzima haina intaneti, na kukatika mara ya tatu kuliniharibia memori kadi yake. Sasa ina betri ya akiba, na nakala ya kadi iko kwenye droo.

Mwezi huu tumemaliza zimebaki GB 71. Mpwa wangu anasema hizo ni fidia yake.