Namba ya biashara ikianza kuandamwa na simu za usumbufu

Mwenye simu ya binafsi ana tiba rahisi: anazima mlio kwa kila asiyemjua, kazi imekwisha. Mwenye biashara hawezi. Mteja mpya naye huingia kama namba ngeni, kwa hiyo kumwambia mfanyabiashara asipokee namba asizozijua ni kumwambia afunge biashara. La maana ni kuziacha simu zote ziingie, lakini zile mbaya zisikuchukulie zaidi ya sekunde chache na zisiondoke na kitu.

Tuanze na kuzuia namba, maana hapo ndipo wengi wanapoishia. Wapigaji wakubwa hutumia simu za intaneti, na huko namba inayotokea kwenye kioo cha simu yako hujazwa na mpigaji mwenyewe. Mara nyingi huchagua namba ambayo tarakimu zake za mwanzo zinafanana na zako, udhani ni mtu wa karibu. Ukiizuia, kesho anakuja na nyingine, na uliyemfungia mlango ni mwenye namba halali asiyejua lolote, ambaye siku moja angeweza kuwa mteja wako. Zuia namba iliyokusumbua mara tatu kwa maneno yaleyale. Nyingine achana nazo.

Faida kubwa zaidi iko kwenye namna ya kupokea. Mashine za wapigaji hawa hupiga namba nyingi kwa pamoja, kisha humuunganisha mhudumu na yule aliyepokea. Ndiyo maana ukisema "haloo" unakutana na kimya cha sekunde moja mbili, halafu unasikia kelele za watu wengi nyuma. Pokea, taja jina la biashara mara moja tu, kisha hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo. Hakuna sauti? Kata. Mteja wa kweli akisikia jina la biashara hujibu hapo hapo, na akikatiwa kwa bahati mbaya atapiga tena. Ukiambiwa na sauti iliyorekodiwa ubonyeze 9 ili uondolewe kwenye orodha, usibonyeze. Hakuna unachoondolewa, umethibitisha tu kwamba namba hiyo ina mtu anayesikiliza mpaka mwisho.

Ile ya mlio mmoja kutoka nje ya nchi, bipu ya kitapeli ambayo Wajapani waliipa jina la wangiri, dawa yake ni kutoipigia. Tapeli huyo hulipwa sehemu ya gharama ya simu utakayompigia, ndiyo maana hukata kabla hujawahi kupokea. Angalia tarakimu baada ya alama ya kujumlisha. Kama huna mteja wala msambazaji katika nchi hiyo, acha.

Kisha tenganisha laini. Ya kwanza ni ya matangazo: ndiyo iliyo kwenye kibao, kadi na mitandao. Ya pili wape benki, wasambazaji na wafanyakazi tu, na isiandikwe popote hadharani. Faida yake huonekana siku mtu anapopiga laini ya matangazo akisema ni wa benki. Benki haina namba hiyo, basi huna haja ya kumsikiliza zaidi. Wenye laini moja waweke angalau mlio wa pekee kwa wasambazaji na wateja wa kudumu. WhatsApp ni tofauti kidogo: wateja wengi wa huko huanza kwa kuandika, kwa hiyo hakuna hasara kubwa ukienda Mipangilio, Faragha, kisha Simu, na kuwanyamazisha wapigaji usiowajua. Simu zao bado zitaonekana kwenye orodha, ila hazitalia.

Hapa ndipo pa kukaza zaidi, kwa sababu usumbufu hugeuka hasara. Wekeni kanuni moja ofisini: simu iliyoingia haitoi kitu. Haitoi malipo, namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe, wala maelezo ya vifaa. Ndiyo, hata vifaa. Anayeuliza kwa upole modeli ya printa yenu huenda kesho akaleta wino ambao hamkuagiza, pamoja na ankara ya bei ya juu na jina la mfanyakazi aliyejibu simu. Anayesema anatoka Google na kudai ada ili biashara yenu iendelee kuonekana anadanganya, kwa kuwa kuorodhesha biashara kwenye ramani za Google ni bure. Anayetishia kwamba umeme utakatwa baada ya nusu saa anataka mlipe kabla hamjafikiri. Jibu ni moja kwa wote: "Asante, tutapiga sisi." Kisha mpige kwa namba mliyoihifadhi wenyewe au iliyo kwenye ankara ya zamani, kamwe si aliyoitaja yeye. Bandikeni sentensi hiyo karibu na simu, maana mfanyakazi mgeni ndiye anayetafutwa.

Ombi moja linastahili tahadhari ya pekee: kuambiwa upige msimbo unaoanza na *21* au **21* ukifuatiwa na namba fulani. Kwenye mitandao mingi, msimbo huo huhamisha simu zako zote kwenda kwa tapeli. Anaweza kuomba WhatsApp imsomee namba ya uthibitisho kwa simu, akaipokea yeye na kuichukua akaunti yenye wateja wako wote. Kuangalia kama umehamishiwa, piga *#21#. Kufuta uhamisho wote, piga ##002#. Dakika moja kila wiki inatosha.

Kuna pia hali ya kinyume: watu usiowajua wanakupigia kwa hasira wakidai umewasumbua. Hapo namba yako ndiyo iliyotumiwa kama barakoa. Hujadukuliwa, na kubadilisha laini kutakupotezea wateja bure. Waambie kwa utulivu kwamba namba imeigizwa na hamkuwapigia. Ripoti kwa kampuni yako ya simu ukitaja tarehe na saa za malalamiko, na weka taarifa fupi pale wateja wanapokusoma. Programu za kutambua wapigaji huenda zikawa zimekwisha kukuandika kuwa msumbufu, na wateja wanaozitumia wataacha kupokea simu zako bila wewe kujua. Itafute namba yako humo, na ukiikuta na alama hiyo, omba ifutwe. Waigizaji kwa kawaida huhamia namba nyingine baada ya muda, lakini alama hiyo inaweza kubaki usipoifuatilia.