Mrunda tuliouondoa ili toroli lipite

Jioni ya siku ile niliandika kwenye kaunta buku langu la saiti: "Kijana ameanguka kwa uzembe wake." Siku ya tatu nikaichana ile karatasi.

Ilikuwa Aprili 2021, masika yamekolea, huku Goba, Dar es Salaam. Nyumba ni ya ghorofa moja na mimi nilikuwa nimechukua ufundi tu, yaani mwenye nyumba ananunua vifaa, mimi naleta watu. Nilikuwa na mafundi wanne na vibarua watano. Tulikuwa tunapiga plasta ukuta wa nje, upande wa nyuma, na jukwaa letu lilikuwa la mirunda, yaani miti ya kujengea, kama ilivyo desturi ya saiti nyingi za mtaani: nguzo zimesimama, mbao za mbili kwa nne zimepigiliwa kulala, juu yake mbao za kukanyagia. Kutoka chini hadi kwenye zile mbao ni kama mita nne.

Asubuhi lori lilimwaga mchanga katikati ya njia tuliyokuwa tunapitisha toroli. Ikabidi tuzungukie nyuma, chini ya jukwaa. Sasa pale kwenye kona kulikuwa na mrunda wa mshazari, ule unaotoka chini ya nguzo moja ukapigiliwa juu ya nguzo ya pili ili jukwaa lisiyumbe. Toroli halipiti. Kibarua mmoja akaniita, "Fundi, hapa tunafanyaje?" Nilikuwa kwenye simu na mwenye nyumba, anaulizia lini tunamaliza. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamjibu, "Toa huo mmoja, utaurudisha."

Hakuna aliyeurudisha. Na mimi sikuuliza.

Kwenye saa tano, fundi aliyekuwa juu akapaza sauti, "Udongo!", yaani aletewe mchanganyiko wa saruji na mchanga. Aliyepanda kumpelekea alikuwa kijana wa miaka 22, saidia fundi wangu wa mwaka mzima, mwepesi, hana maneno mengi. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo mbichi inakaribia kilo 40. Aliibeba begani, mkono mmoja ameishikilia, mwingine kwenye ngazi. Akafika juu akakanyaga ncha ya ubao.

Ule ubao ulikuwa umezidi mti unaoubeba kwa futi mbili hivi, na haukufungwa kokote. Ubao wa namna hiyo ni mtego wa panya: ukikanyaga ncha, upande wa pili unanyanyuka. Ulivyonyanyuka, jukwaa lote likainamia kushoto, maana ule mshazari wa kulizuia ulikuwa umeegeshwa ukutani umbali wa hatua sita. Nguzo ya kona, iliyosimama kwenye udongo uliolowa mvua ya usiku bila hata kipande cha ubao chini yake, ikazama. Mafundi wawili waliokuwa juu walidaka nondo za dirisha. Yeye hakuwa na mkono wa kudakia.

Nilisikia ndoo kwanza. Kuanguka mita nne ni chini ya sekunde moja, na unafika chini na mwendo wa kilomita thelathini na kitu kwa saa, kama umegongwa na bodaboda. Nilipofika alikuwa amekaa, anaangalia mguu wake wa kulia. Mfupa wa muundi ulikuwa umetoboa ngozi, mweupe, na juu yake kuna udongo wa saruji. Hakulia. Alisema, "Kaka, nimeharibu udongo."

Hapa nikiri kosa la pili. Tulimbeba wanne, huyu mkono, yule mguu, kama tunavyobeba mfuko wa saruji uliochanika, tukamkunja ndani ya bajaji. Hakuna aliyefikiria shingo wala uti wa mgongo. Mguu wenyewe hatukuufunga, ulikuwa unacheza kila bajaji iliporuka shimo, na barabara za ndani za Goba wakati wa masika mnazijua. Kisha nikampitisha kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, tukakaa hapo dakika 40 damu inadondoka kwenye kapeti la bajaji ya watu. Mgonjwa wa dharura anatangulia hospitali, fomu anaifuata mtu mwingine. Hilo nilikuja kulijua baadaye kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, pamoja na kwamba mbao mbili na kanga moja zingetosha kuutuliza ule mguu. Uti wa mgongo ulikuwa mzima. Hiyo ni bahati tu, hakuna tulichofanya kuusaidia.

Watu wakitaja ajali za ujenzi Dar, wanataja lile jengo la ghorofa 16 la Mtaa wa Indira Gandhi, lililoporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu 36. Au lile la Kariakoo la Novemba 2024. Ni sawa, yale ni misiba ya taifa. Lakini mguu mmoja uliovunjika Goba hauingii kwenye taarifa ya habari, na nadhani ndiyo maana kila fundi anaona ni mkosi wake peke yake.

Siku ya tatu alifika mama yake kutoka Handeni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Niliposema "Shikamoo mama," aliitikia taratibu, akakaa kwenye benchi la nje ya wodi, akaweka kikapu chake miguuni. Akaniambia, "Baba, mimi sikuja kukushitaki. Nimekuja kuuliza: atakula wapi mpaka mguu upone?" Nikaanza kumweleza kwamba kijana alikanyaga vibaya. Aliniacha nimalize. Akauliza, "Na huo ubao aliuweka yeye?"

Nilirudi nyumbani nikachana ile karatasi.

Tuliandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili: matibabu yote juu yangu, na laki tatu kila mwezi mpaka atakapotembea bila magongo. Ilichukua miezi mitano. Mwenyekiti alishauri tukubaliane kiasi kimoja cha mkupuo, "mmalizane kiume." Nilishukuru, nikakataa, kwa sababu mbili: sikuwa na hizo fedha, na nilishaona wenzangu wakimaliza kiume leo, kesho mfupa unaoza na mgonjwa hana pa kwenda.

Sasa nije kwenye hesabu, maana mafundi hatupendi kuziandika. Tunalipa kidogokidogo halafu tunasahau. Mimi nilizianika zote kwenye ukurasa mmoja. Upande wa kwanza ni zile ambazo kila mtu anaziona: usafiri wa siku ile 60,000; picha, upasuaji wa kuweka chuma na kitanda 2,150,000; dawa, magongo na nauli za kliniki 340,000; posho ya miezi mitano 1,500,000. Jumla 4,050,000. Faida niliyoitegemea kwenye kazi nzima ile ilikuwa milioni tatu na laki nane.

Upande wa pili ndio uliniumiza, kwa kuwa ulikuja kimyakimya. Udongo ulioganda kwenye karai, saruji na mchanga, 85,000. Siku sita saiti imesimama na nikiwalipa watu nusu posho wasikimbie, 525,000. Na mafundi wawili wakakimbia vilevile. Waliokuja badala yao walipiga plasta yenye mawimbi, kuirudia ikala 210,000. Mwenye nyumba akashikilia malipo ya awamu kwa wiki tatu, nikakopa, riba 180,000. Siku 14 zangu mwenyewe za hospitali, polisi na serikali ya mtaa, nikizihesabu kwa elfu hamsini, 700,000. Na fensi ya nyumba hiyohiyo, ambayo tulishaizungumza, akapewa fundi mwingine: milioni mbili na nusu za faida zikaondoka hivyo. Upande huu ukafika 4,200,000. Ukijumlisha zote ni 8,250,000. Mrunda wakati ule ulikuwa elfu tatu.

Hasara za mama sikuzipata. Alikaa Dar wiki tano msimu wa kulima. Nilipomuuliza shamba lake lingetoa nini, alisema, "Hilo shamba si lako, baba." Nikaacha mstari wazi.

Mwaka uliofuata nilihudhuria mafunzo ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mwalimu alitueleza habari za Mmarekani mmoja, Herbert Heinrich, aliyekuwa mtu wa kampuni ya bima, ambaye mwaka 1931 aliandika kwamba ajali 88 katika kila 100 zinatokana na vitendo vya hatari vya watu wenyewe. Darasa zima tulitikisa kichwa, wengine wakacheka: si ndiyo hayo tunayosema siku zote, vijana hawasikii! Mwalimu akatuacha tufurahi, halafu akasema wataalamu wa baadaye wameipinga sana hesabu hiyo, akamuuliza jamaa aliyecheka zaidi: "Alikanyaga ubao mbovu. Sawa. Ubao mbovu ulifikaje pale?" Ilikuwa kama namsikia mama wa Handeni. Huyohuyo Heinrich alisema pia kwamba gharama zilizojificha ni mara nne ya zile zinazoonekana. Kwangu zilikaribia kulingana. Sijui fundi gani angeweza kuhimili mara nne na bado akabaki na mwiko.

Kilichonikera zaidi nilikijua hapohapo. Sheria inamtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara ajisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango anatoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi, na sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa saiti inayolipa watu milioni nne kwa mwezi, hiyo ni elfu ishirini. Mtu akiumia kazini, Mfuko unagharamia matibabu, na akiwa nje ya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Mimi nilidhani WCF ni ya viwanda na benki. Vibarua wangu hawakuwa hata na jina kwenye karatasi, nilikuwa nawalipa jioni mkononi. Kujisajili kwenyewe hakukunishinda. Kazi ilikuwa kupata majina kamili ya watu niliozoea kuwaita Mrefu, Babu na Mmakonde.

Kubadilisha saiti ilikuwa shughuli nyingine. Kofia ngumu nilizonunua, wiki ya kwanza mbili zilikuwa zinachotea maji. Fundi wangu mkubwa, ambaye ni mzee wa miaka sitini hivi na namheshimu kama baba, alinitazama nikifunga kamba kwenye jukwaa akasema, "Mwanangu, mimi nimejenga tangu enzi za Mwalimu, sijaanguka." Sikubishana naye. Nilimpa yeye ndiyo kazi: kila asubuhi kabla mtu hajapanda, alizunguke jukwaa, atikise nguzo, aangalie kitako cha kila mrunda, na ubao wowote unaozidi ncha aufunge au aukate. Akishamaliza ndipo anafungua kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ngazi. Kitambaa kikiwepo hakuna kupanda, hata mimi. Mrunda wa mshazari hautolewi na mtu mwingine isipokuwa yeye. Siku ya nne alinirudisha chini mbele ya mwenye nyumba kwa sababu nilipanda na ndala. Aliifurahia sana siku ile, na watu wakaanza kukiogopa kile kitambaa.

Ndoo begani tumeacha kabisa. Udongo unavutwa kwa kamba na roda, na ndoo inajazwa nusu. Inachelewesha, sikatai. Mafundi wa juu wanalalamika kila siku, nami kwenye bei ya plasta nimeongeza kidogo ya kufidia. Wateja wawili wamenikimbia kwa ajili hiyo, wakaenda kwa anayefunga jukwaa kwa nusu saa.

Yule kijana anatembea, ila mguu wa kulia umefupika kidogo, akichoka unamwona anavyoulaza. Ngazi hapandi. Anashika stoo yangu, saruji inaingia na kutoka kwa maandishi yake, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Chuma bado kiko ndani ya muundi na wakati wa baridi kinamuuma. Daktari alisema kinaweza kutolewa akiwa tayari. Yeye anaogopa kisu, ananiambia, "Kaka, tumalize kwanza hii nyumba ya Madale." Tumemaliza Madale, sasa anasema tumalize Wazo. Laki sita za upasuaji ziko kwenye kibubu, chini ya mifuko ya saruji, na ufunguo wa stoo anao yeye.