Siku kanisa la Paris linaungua mimi nilikuwa posta

Juzi usiku tumekaa kwenye kochi, binti yangu anapekua picha kwenye tableti, ikatokea ile ya Notre-Dame inawaka moto, ule mnara mwembamba umeshainama unataka kudondoka. Akaniuliza, baba, siku hii ulikuwepo? Nikamjibu bila hata kufikiri, hapana mama, siku hiyo nilikuwa posta. Akaniangalia vile watoto wanavyokuangalia wakishaona uzee umeanza kubisha hodi, akapekua picha inayofuata.

Mimi sasa ndo nikabaki pale pale. Maana ni kweli kabisa. Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 2019, Paris ni jioni kanisa linaungua, mashariki ya Marekani ni mchana, na mimi nimesimama kwenye foleni ya posta na bahasha ya kahawia, jasho la mikono limeshaanza kulainisha kona zake, na kwenye simu nina emaili mbili ambazo hazijatumwa, zote za kwenda kwa mtu mmoja, moja inasema ndiyo na nyingine inasema hapana.

Nirudi nyuma kidogo, haraka haraka. Masta ya kompyuta nilikuwa namaliza Mei. Profesa wangu alishaniambia tangu Februari kwamba nikitaka nibaki nifanye PhD kwake, ada inalipwa, posho ya kila mwezi ipo, ndogo lakini ipo, miaka mitano hivi, labda sita, na hiyo sita aliisema kwa sauti ya chini. Upande wa pili kuna kampuni ilishanipa ofa baada ya intavyuu tano za kusimama ubaoni na maka pen mkononi, na mshahara wake niliposoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea sifuri. Sasa vyuo vingi vya kule vina makubaliano yao ya siku nyingi kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye ufadhili asibanwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Profesa akaniambia usinijibu leo, una mpaka tarehe 15. Nadhani alinionea huruma. Angejua, mtu kama mimi ukimpa mpaka tarehe 15 anazimaliza siku zote, hakubakizii hata moja.

Na bahasha? Waliopita njia hii wanaijua. Mwanafunzi wa kigeni haanzi kazi tu kwa vile kampuni imempenda, unaomba kwanza OPT, kibali cha kufanya kazi miezi 12 kwenye fani uliyosomea, na sisi wa sayansi na teknolojia tunaweza kuongezewa 24 juu yake. Siku hizi watu wanajaza mtandaoni, sisi tulikuwa tunatuma makaratasi. Fomu I-765, hundi ya dola 410 yenye jina la Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani limeandikwa lote bila kufupisha, na picha mbili za inchi mbili kwa mbili ambazo nyuma unaandika jina lako kwa penseli, taratibu, usikandamize, isije ikajichora mpaka usoni. Kazi hiyo ya penseli niliifanya Jumapili usiku nimebana pumzi, kama naandika kwenye ganda la yai.

Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilishanisainia I-20 mpya, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, tangu tarehe 20 Machi, na wakishakusainia, maombi yanatakiwa yawe yamefika yanakokwenda ndani ya siku 30. Hesabu mwenyewe. Yale makaratasi yalikaa mezani kwangu wiki tatu na ushee, nikawa nayazunguka kama mbwa wa watu.

Mtu atauliza, si ungetuma tu hata kama hujaamua, ukibaki shule umepoteza dola 410 basi. Kweli, na kuna jamaa yangu alifanya hivyo hivyo. Lakini dola 410 kwa mtu ambaye sheria inamruhusu masaa 20 tu ya kazi kwa wiki muda wa masomo, tena ndani ya chuo, hiyo siyo hela ya kuchezea, na juu ya hapo nilishajiapia kwamba siku bahasha ikitoka mkononi kwangu ndo nimeamua. Kiapo cha kijinga, ila ndo nilikuwa nimeapa.

Nikampigia mama.

"Hiyo ya kusoma tena, wanakulipa?"

"Wanalipa mama, ila kidogo."

"Na hiyo ya kampuni?"

"Wanalipa zaidi. Sana tu."

"Sasa mwanangu, unachoniuliza ni nini?"

Nikacheka, nikamwambia nitakupigia baadaye mama. Ningemwelezaje? Kule maabara kazi yetu ilikuwa kuzifanya kompyuta nyingi zikubaliane jambo moja hata kama baadhi zimezimika au mtandao umekatika katikati. Kuna njia moja inaitwa Raft, ilichapishwa 2014, ndo tulikuwa tunaihangaikia. Mashine tano zinapiga kura kuchagua kiongozi, ukipata tatu umeshinda. Kura zikigawanyika hakuna mshindi, mnaanza upya, na zinaweza kugawanyika tena na tena. Kinachozuia zisigawanyike mpaka kiama ndo kinachekesha, kila mashine inapewa muda wa kusubiri wa kubahatisha, wenyewe walipendekeza milisekunde kati ya 150 na 300, anayewahi kuamka ndo anawahi kuomba kura. Yaani watu na akili zao walikaa wakaona hapa dawa ni bahati tu. Nilikipenda kitu kile, nilikuwa naweza kutoka maabara saa nane usiku na usingizi sina. Na kichwani kwangu mimi nilikuwa na mashine mbili tu, na mbili ndo idadi mbaya kuliko zote, moja ikigoma hakuna wingi, kila kitu kimesimama.

Basi posta. Foleni ilikuwa ndefu imejikunja mara mbili kwa sababu tarehe 15 Aprili ndo mwisho wa kupeleka ritani za kodi, na bado kuna watu wanaotuma kwa karatasi kwa vile hawaiamini kompyuta, na mimi niliyeisomea miaka yote hiyo niko nao humo humo. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja mwenye rundo la bahasha, nilizihesabu saba. Nyuma yangu fundi rangi na ovaroli lake, ananipumulia kisogoni. Zile bahasha saba za bibi zilinipa moyo. Nilipiga hesabu, bibi wa bahasha saba, kila moja ipimwe uzito, igongwe muhuri, achague stempu, hapo nina dakika tano nzima, na dakika tano zinanitosha kutoka kwenye foleni, kukaa nje, kufikiri kama mtu mzima.

Bibi alikuwa ameinua simu karibu kabisa na miwani. Ghafla akageuka, hata salamu hakuna, akanionyesha. Moshi, wa rangi ya njano njano hivi, na ule mnara katikati yake. Akaniambia paa lile ni mbao tupu, kijana, mialoni iliyokatwa miaka mia nane iliyopita. Akasema aliwahi kupanda ngazi za kule mpaka juu akiwa msichana. Sikujua nimjibu nini, nikasema pole, halafu nikajiuliza unampaje pole mtu wa huku kwa kanisa la kule, lakini aliipokea, akatikisa kichwa.

Watu wakaanza kutoa simu zao mmoja mmoja. Fundi rangi akasogea akaegemea bega langu aone, ananuka tapentaini. Ilikuwa kama saa nane kasoro dakika kumi. Mnara ukainama pole pole, ukakatika, ukaingia ndani ya moto. Hakuna aliyepiga kelele. Ilisikika mizani ya dirishani tu inalia, mhudumu naye aliacha bahasha ya mtu juu yake akawa anachungulia simu ya mteja.

Halafu akakumbuka kazi, akaita anayefuata. Zamu ya bibi. Bibi hakusikia. Akaita tena. Bibi, macho bado kwenye simu, akanishika kiwiko akanisukuma mbele, "Nenda wewe kijana, mimi bado naangalia."

Dakika tano zangu zikaishia hapo.

Nikajikuta dirishani. Mhudumu akauliza ya kawaida au ya haraka. Nikasema ya haraka. Akanyoosha mkono, akaishika bahasha, mimi sikuiachia. Sikuwa nabishana naye, mkono tu haukufunguka. Tukaishika wote wawili, yeye upande wa anwani, mimi upande wa gundi, na naona kabisa dole gumba langu limeacha alama ya unyevu kwenye ile karatasi, alama ya duara. Akavuta kidogo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikavuta kidogo. Akanitazama, siyo kwa hasira, nadhani siku ile ya kodi alishaona watu wengi wanaopata taabu kuachia bahasha. Akasema taratibu, bwana, ama unatuma ama hutumi. Nyuma yangu fundi rangi akakohoa.

Nikaachia.

Muhuri ukagonga, risiti ikatoka, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikaifungua ile emaili ya hapana nikaituma kabla sijaisoma tena. Profesa alijibu haraka, mistari miwili, kaelewa, nikibadili mawazo nimtafute. Nilitamani angekasirika.

Yaliyofuata niyapitishe mbio. Kadi ya kibali ilikuja mwishoni mwa Juni, kazi nikaanza, mshahara ukaingia, sifuri hawakuwa wamekosea. Lakini OPT ina mwisho wake, ukitaka kuendelea kampuni inakuingiza kwenye bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B, nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa waliosoma masta au zaidi kule kule, na Machi 2020 majina yaliyoingia yalikuwa zaidi ya laki mbili na sabini. Langu halikutoka. Agosti wakachezesha tena kwa sababu nafasi hazikujaa, likatoka. Mwanzoni mwa 2023, kipindi ambacho Google walitangaza kupunguza watu 12,000 na Microsoft 10,000, na kwetu panga likapita, nikaamka asubuhi nywila yangu imekataa. Ukiwa na viza ile ukipoteza kazi una siku 60 upate mwajiri mwingine au ufungashe. Nilipata siku ya 51. Hizo siku 51 ni kumbukumbu nyingine, leo sina nguvu nazo.

Ila kuna mwenzangu wa maabara ile ile, naye mgeni kama mimi, yeye alibaki. Miaka yote hiyo nilimhurumia, nikawa nalipa mimi bili kila tukikutana. Akamaliza PhD, akaajiriwa na chuo kikuu. Na waajiri kama vyuo vikuu hawamo kwenye ile bahati nasibu kabisa, wanaweza kumuombea mtu viza mwezi wowote. Aliponiambia nilikaa kimya mpaka akauliza kama mtandao umekatika. Maana mimi kazi niliichagua kwa sababu nilitaka kitu cha uhakika, hicho ndo nilichokuwa namwambia kila mtu, na yeye ndo tuliyekuwa tunamwona anacheza kamari.

Sisemi nilikosea. Siku mshahara wa kwanza umeingia nilituma hela nyumbani nikalala kama mtoto, hilo nalo ni jambo. Na huenda ningebaki ningeshindwa mtihani wa mwaka wa pili, nani anajua. Ninachojiuliza ni kitu kidogo tu, kama yule bibi angesogea kwenye zamu yake na bahasha zake saba.

Baada ya binti kulala nikaitafuta ile risiti, ninayo mpaka leo. Wino umefutika wote, imebaki karatasi nyeupe. Nikafungua emaili, kwenye zile ambazo hazijatumwa, ile ya ndiyo bado ipo. Nilikuwa nimesahau zilivyokuwa. Ya hapana, niliyoituma, ina aya nne, nimeeleza familia, nimeeleza viza, nimeomba radhi mara tatu. Ya ndiyo ina mstari mmoja.

Asubuhi binti ananiuliza huku anavaa viatu, baba, kwani posta nako kulikuwa na moto? Nikamwambia hapana. Akasema sasa ulikuwa unafanya nini huko? Nikamwambia funga kamba vizuri, tunachelewa.