Katalogi haiendi tena kama kiambatisho
Tangu nianze kumsaidia dada yangu kutangaza samani zake kwa barua pepe, katalogi tunaipandisha Google Drive. Ndani ya barua naweka picha moja nzuri, bei na kiungo, basi. Wateja wengi wanasoma kwenye simu, na bando ni hela yao. Kumtumia mtu faili zito asiloliomba si heshima hata kidogo. Tena Gmail inakomea MB 25, na faili likisafirishwa kwa barua pepe huvimba kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo hata la MB 20 linaweza kugoma kwenye mfumo wa barua pepe wa mpokeaji. Kiambatisho nakiweka kwa aliyeomba profoma (ankara ya awali, kabla ya kununua) tu: PDF nyepesi, yenye jina la bidhaa na tarehe. Hao wanajibu haraka, jamani!