Nembo za Bibi katika Maji ya Beppu

Novemba 2019 nilikuwa Fukuoka, Japani, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumamosi moja nikapanda treni kwenda Beppu, mji wa pwani ulio mwendo wa saa mbili hivi, ambao una chemchemi za maji moto zaidi ya 2,000. Nilifikia mtaa wa Kannawa, ambako mvuke unafuka kwenye mitaro, kwenye nyufa za barabara, hata nyuma ya nyumba za watu. Wenyeji wanapikia mvuke huohuo. Nilinunua kiazi kitamu kilichoivia humo, nikakila nimesimama, vidole vikiungua.

Mgongoni nina tatuu, safu za pembe zilizopangana kutoka bega hadi bega. Nilichorwa Dar es Salaam mwaka mmoja baada ya kumzika bibi yangu, mama yake mama, Mmakonde wa Newala. Yeye alikuwa na nembo usoni na tumboni. Alichanjwa kwa kisu akiwa msichana, majeraha yakasuguliwa kwa masizi ya mbegu za nyonyo mpaka rangi ikashika. Mama hakuchanjwa, wala wadogo zake. Bibi alipoondoka, nembo zile zilikuwa zinaondoka naye kutoka kwenye ukoo wetu, na mimi sikukubali.

Nyumba ya wageni niliyolala ilikuwa na bwawa lake, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Kule mtu haingii na nguo. Unakaa kwanza kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni, unajisuuza vizuri kwa beseni, ndipo unaingia majini. Nilifanya yote hayo kwa uangalifu, maana sikutaka kumkosea mtu. Nikazama hadi shingoni, na baridi yote ya Novemba ikanitoka mwilini.

Hazikupita dakika tano. Mlango ukafunguliwa, mhudumu akaja hadi ukingoni mwa bwawa, akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akakunja mikono yake ikawa alama ya mkasi kifuani. Hapana. Akaonyesha mgongo wangu, akainama, akasema "samahani" kwa Kijapani mara tatu au nne. Nyuma yake wamama wawili walikuwa wanatazama maji. Nikatoka mbele yao nikiwa uchi, nimeshika kitaulo kidogo kisichofunika chochote. Nilivaa bila kujifuta.

Kwenye mapokezi waliniletea stika za rangi ya ngozi, za kuficha tatuu. Kila moja ilikuwa ndogo kama kiganja, na rangi yake ilikuwa ya ngozi yao. Hata kama zingetosha nisingezibandika. Ningekuwa nimemfunika bibi.

Usiku ule nilisoma hadi saa nane. Sheria ya nchi haimkatazi mtu mwenye tatuu kuoga. Kila mwenye bwawa anajiwekea masharti yake. Utafiti wa shirika la utalii la serikali mwaka 2015 ulikuta asilimia 56 ya mabwawa yaliyojibu yanakataa wenye tatuu, asilimia 31 yanaruhusu, na asilimia 13 yanaruhusu ukiifunika. Chanzo ni yakuza, magenge ya wahalifu yanayojulikana kwa michoro ya mwili mzima, na kabla yao serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliyopiga marufuku kuchora mwili mwaka 1872, marufuku iliyodumu hadi 1948. Nilielewa hofu ya wale wamama wawili. Kuelewa hakukuniondolea uchungu.

Kilichonikosesha usingizi kilitokea mwaka 2013. Mwanamke Mmaori, mwenyeji wa asili wa New Zealand na mtaalamu wa lugha ya kwao, alikuwa amealikwa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, kwenye mkutano wa lugha za wenyeji wa asili. Akazuiwa kuoga kwa sababu ya alama za ukoo kidevuni mwake. Na Hokkaido ni kwa Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho! Wanawake wa Kiainu nao walikuwa wakichanjwa kuzunguka midomo kwa kisu kidogo, wakipakwa masizi ya gome la mti, mpaka serikali ikawakataza. Kisu na masizi. Nilikaa kitandani nikiwaza bibi zetu hawa, mmoja Newala na mwingine kwenye theluji, ambao wangeketi pamoja wakaelewana bila mkalimani.

Asubuhi yule mhudumu wa jana alikuwa ananisubiri na ramani. Alikuwa amezungushia kalamu jina moja, Takegawara. Akanisindikiza hadi kituo cha basi, na basi lilipoondoka alikuwa bado ameinama.

Takegawara ni bafu la umma lililoanza mwaka 1879. Jengo la sasa ni la 1938, la mbao, paa lake limejikunja kama la hekalu. Ndani hakuna mapambo. Unavua nguo juu, unashuka ngazi chache hadi kwenye bwawa lililo chini kama kisima, na maji ni moto hasa. Hakuna bomba la mvua. Unachota bwawani na kujimwagia. Nilishuka nimekaza mabega, nikisubiri mikono ya mkasi.

Bibi kizee mmoja alikuwa anajimwagia maji. Alinitazama mgongo kwa muda, akasogea, akaufuata mstari mmoja wa pembe kwa ncha ya kidole, kama mtu anayekagua ushonaji. Akauliza kitu. Neno nililoshika lilikuwa moja tu, nililolijua kutokana na kliniki ya mafunzoni: kuuma. Alikuwa anauliza kama iliniuma.

Swali lilelile nilimuuliza bibi nikiwa na miaka saba, nimepakatwa, natembeza kidole shavuni kwake. "Iliuma, mjukuu wangu," alisema. "Iliuma mpaka nikamng'ata shangazi yangu mkono."

Sikuwa na Kijapani cha kusimulia hayo yote. Nikagusa mgongo wangu, nikagusa shavu langu, nikasema "obaasan", yaani bibi. Kisha nikainua mkono wangu mdomoni na kuung'ata. Kizee akacheka mpaka akashika ukingo wa bwawa, akachota beseni la maji, akaanza kunimwagia mgongoni taratibu, chini ya safu ya mwisho ya pembe.